Siku mbili Den Haag mwishoni mwa Novemba, utabiri ni mvua tupu: tupange vipi?

Mvukapwani

Wakuu, habari za jioni. Tunatua uwanja wa Schiphol, Uholanzi, Ijumaa ya mwisho ya Novemba saa 3 asubuhi na kuondoka Jumapili asubuhi. Hapo katikati ni Den Haag tu. Tuko wawili, mmoja ni mama wa miaka 68 ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Utabiri unaonyesha mvua siku zote mbili. Naomba msaada: bahari ya Scheveningen ina maana yoyote kwa hali hiyo au tuiache? Usafiri tulipie vipi? Tuvae nini? Kuna sehemu gani za ndani zisizo mbalimbali? Na chakula cha halali kinapatikana wapi?

Ngalawa

Bahari msiiache. Ila msiipangie saa kamili, ipangieni rada.

Mvua ya pale haifanani na ya masika inayomwagika saa moja ikaisha. Novemba ni rasharasha zinazokuja na kuondoka mara sita, saba kwa siku, na adui mkubwa ni upepo unaoilaza mvua ikupige usoni. Sababu ni Bahari ya Kaskazini. Maji yake wakati huo bado yana nyuzi 11 hivi, hewa ya baridi inapita juu yake kutoka kaskazini-magharibi, inabeba mvuke, mawingu yanaumuka na kumwaga palepale ufukweni. Ndiyo maana msimu wa majani kupukutika pwani huloa kuliko bara. Unaweza kurowa Scheveningen huku Delft, kilomita kumi na kitu tu kutoka hapo, kukavu.

Faida ya mvua ya aina hiyo ni kwamba kati ya wingu na wingu huwa kuna nusu saa, pengine saa nzima, ya anga safi. Pakueni programu ya Buienradar. Inaonyesha mvua ya saa mbili zijazo kwa vipindi vya dakika tano. Tazameni picha inayosogea, msitosheke na grafu peke yake: ikiwa mawingu yanatoka baharini na nyuma yake kuna uwazi, subirini ndani lipite, kisha tokeni. Kuna kasoro moja ya kuijua: manyunyu membamba ya mawingu ya chini rada haiyaoni vizuri. Grafu inasema pakavu na wewe unalowa. Siku ya namna hiyo anga ni kijivu moja isiyo na mipaka, na hapo hakuna cha kusubiri, vaa utoke.

Upepo nao una kipimo chake, cha Beaufort. Nguvu ya 5 ni ya kawaida. Nguvu ya 7 ni kilomita 50 hadi 61 kwa saa, na kwa mama mwenye magoti mabovu hiyo ni ya kurudi ndani. Idara ya hali ya hewa, KNMI, hutoa ilani za rangi: njano, chungwa, nyekundu. Njano ya upepo, bakini mjini. Chungwa, hata treni zitapungua.

FundiReli

Kwenye usafiri naanza na kosa linalowagharimu wageni wengi. Stesheni ya Schiphol iko chini ya uwanja wenyewe, na badala ya mageti kuna nguzo za kugusishia kadi zimesimama ukumbini. Mtu anashuka na mizigo yake, anaingia kwenye treni, kumbe hajagusisha. Mkaguzi akimkuta, ni faini.

Tiketi si lazima. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya mawimbi inatosha kwa treni, tramu na basi. Unagusisha ukianza, unagusisha ukimaliza, na fedha hukatwa usiku kwa jumla ya safari za siku nzima. Mambo yanayoharibika ni haya.

Kila mtu na kadi yake. Kadi moja haiwezi kuingiza watu wawili. Ukigusisha mara ya pili mashine inaelewa kwamba umeshuka.

Usiingie kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama simu imebeba kadi ileile. Simu hutumia namba nyingine, kwa hiyo mfumo unaona safari mbili ambazo hazikukamilika.

Ukisahau kugusisha mwishoni mwa safari ya treni unakatwa euro 20. Inarekebishika kupitia programu ya mfumo huu wa malipo, OVpay, lakini ni usumbufu ambao hamna muda nao.

Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizeni benki kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kwa malipo ya kugusa. Kadi nyingi za kwetu hutoka zimefungwa.

Sasa treni yenyewe. Den Haag ina stesheni kuu mbili: Centraal, ambako reli inaishia, na Hollands Spoor, inayopitiwa na treni za kuelekea Rotterdam. Kutoka Schiphol ni kama nusu saa kwa zote mbili, na zote mbili zinafaa, kwa sababu tramu 9 inaziunganisha na kuendelea hadi Scheveningen. Msiingie treni iitwayo Intercity Direct. Hiyo inatoka Schiphol moja kwa moja hadi Rotterdam bila kugusa Den Haag, na ina nyongeza ya nauli juu yake.

Mbao za stesheni zinaandika saa 24. Mkiona 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri yetu. Novemba wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Na kwa kuwa mnaondoka Jumapili, tazameni programu ya NS, shirika la reli, tangu Ijumaa. Ukarabati wa reli hufanywa wikendi, na treni ya asubuhi inaweza kugeuzwa kuwa basi.

Mvukapwani

FundiReli, shukrani sana, hilo la kadi na simu hatukulijua kabisa. Ndani ya tramu nako tunagusisha wapi?

FundiReli

Mashine ziko ndani ya tramu, karibu na milango. Gusisha unapopanda, gusisha tena kabla hujateremka. Ukibadilisha kutoka tramu moja kwenda nyingine ndani ya dakika 35, hulipi tena ile nauli ya kuanzia, unalipa kilomita tu. Kwa hiyo msiogope kuteremka, kuchungulia kitu kifupi na kupanda inayofuata.

Bi Mwanaidi

Mavazi, wanangu. Mwavuli uacheni. Pale unapinduka siku ya kwanza, na mapipa ya taka ya Scheveningen yamejaa miavuli iliyovunjika mbavu.

Mnahitaji koti la mvua lenye kofia inayokazwa kwa kamba kuzunguka uso. Kofia isiyokazwa upepo unaivua. Geuzeni koti ndani nje mtazame mishono: ikiwa imezibwa kwa utepe, linazuia mvua kweli. Ikiwa haijazibwa, maji yatapenya mabegani ndani ya dakika 20 hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Ndani vaeni tabaka tatu nyembamba kuliko sweta moja nene: fulana, shati la mikono mirefu, kisha sufu au fulisi. Mchana ni nyuzi 5 hadi 9, na makumbusho na maduka yanapashwa moto, kwa hiyo mtakuwa mnavua na kuvaa siku nzima.

Jinzi ni kosa. Ikilowa haikauki mpaka kesho yake, na upepo unaigeuza barafu mapajani. Suruali ya kitambaa chepesi na juu yake suruali ya mvua ni bora. Mwenye buibui au dera, usilivae refu la kugusa chini, kwani pindo likinyonya maji linakuwa zito na linanasa kwenye ngazi za tramu. Suruali ya mvua ndani yake inasaidia sana.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yenu. Raba za kitambaa hapana. Gambuti zinazuia maji lakini hazifai kutembea siku mbili, hasa kwa mwenye magoti. Kiatu cha ngozi kilichopakwa nta, au buti fupi la kuzuia maji, pamoja na jozi mbili za soksi za sufu ndani ya mfuko wa nailoni. Kikilowa, usikiweke juu ya rejeta ya kupasha chumba joto, ngozi hupasuka. Jaza gazeti, libadilishe baada ya saa moja, asubuhi kitakuwa kimekauka.

Mkikosa kitu, duka la HEMA liko Grote Marktstraat katikati ya mji, lina soksi, glavu na makoti mepesi.

Tumbatu77

Kukodi baiskeli je? Uholanzi bila baiskeli ni nini.

Ngalawa

Kwa hawa wawili na hali hii, hapana, ndugu yangu. Reli za tramu zikilowa huteleza kama sabuni, na tairi linaingia mferejini mwake. Inabidi uzivuke kwa pembe mraba, jambo ambalo mgeni hulisahau anapogeuka kona. Poncho nayo kwenye upepo wa pwani inakuwa tanga. Kwa wanaotembea kwa miguu, njia za lami nyekundu ni za baiskeli. Msisimame juu yake kutazama simu.

KaziYaMikono

Nije kwenye sehemu za ndani, kwa sababu Den Haag ina bahati moja: vitu vyake vizuri vimejipanga karibu kwa mstari, na mwisho wa mstari ni bahari.

Anzieni Centraal. Mauritshuis, makumbusho ya michoro, ni mwendo wa dakika kumi hivi. Jumatatu hufunguliwa saa 7 mchana, siku nyingine saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ni nyumba ndogo, na hilo ndilo linaloifaa siku ya mvua: kwa saa moja na nusu umeona msichana mwenye hereni ya lulu na mandhari ya Delft, zote za Vermeer, ndege mdogo wa Fabritius, na somo la anatomia la Rembrandt la mwaka 1632. Lifti ipo. Mabegi ya mgongoni na makoti yanayochuruzika yanaachwa kabatini. Nunueni tiketi ya saa maalumu kwenye intaneti, wikendi mlango hujaa. Mtazame vilevile maelezo kuhusu mwenye nyumba. Johan Maurits alikuwa gavana wa Waholanzi huko Brazili. Chini yake waliteka Elmina (Ghana ya leo) mwaka 1637 na Luanda (Angola) mwaka 1641 ili kupata watumwa wa mashamba ya miwa. Hapo ndipo unapoelewa nyumba hii ilivyofungamana na bara letu.

Binnenhof, majengo ya bunge jirani yake, yamezungushiwa uzio wa ukarabati tangu 2021. Msitenge muda wa kuingia.

Kutoka hapo dakika chache hadi Lange Voorhout, kwenye Escher in Het Paleis, yaani michoro ya msanii Escher ndani ya jumba la zamani la Malkia Emma. Ina ghorofa kadhaa, mama anaweza kuchoka. Kwa magoti hayo ningeiruka niende Panorama Mesdag, Zeestraat.

Hii Panorama naisisitiza. Ni mchoro mmoja wa duara, kimo mita 14 na mzunguko karibu mita 120, uliokamilika mwaka 1881. Hendrik Willem Mesdag aliuchora pamoja na mkewe Sientje na wachoraji wenzao, akiwemo Breitner kijana. Unaonyesha Scheveningen ilivyoonekana kutoka juu ya kilima cha mchanga: mashua za wavuvi zimepandishwa ufukweni, kijiji, mnara wa taa, bahari yote. Mtazamaji anasimama katikati, na kati yake na turubai kumewekwa mchanga halisi, hata jicho halioni kitambaa kinapoanzia. Kinachonigusa ni mwanga wake. Hauna taa za kuuangaza, ni jua linalopita kwenye paa la kioo. Wingu likipita juu ya mji, bahari ndani ya mchoro inageuka rangi mbele ya macho yako. Siku ya mawingu yanayokimbia ndiyo siku yake hasa! Lakini nendeni kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu Novemba baada ya hapo mwanga unakufa. Unaingia kwa njia yenye giza kisha ngazi za kupanda juu. Muulize mlangoni kuhusu mama kabla ya kulipa.

Ukitoka pale, kituo cha tramu 1 kiko karibu, Mauritskade. Tramu hiyo inapita Jumba la Amani na kufika Kurhaus ufukweni. Kwa hiyo unatoka kutazama bahari ya 1881 na kama robo saa baadaye umesimama mbele ya ile yenyewe.

MzeeKobe

Kwa Wakenya na Wakongo humu, hilo Jumba la Amani halipitwi hivihivi. Lilifunguliwa 1913 kwa fedha za Andrew Carnegie, na ndani yake inakaa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Humo ndimo iliposomwa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, Oktoba 2021, na ile ya Februari 2022 iliyoiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325. Kituo cha wageni langoni ni bure, kidogo na pakavu. Ndani ya jengo ni kwa ziara maalumu zinazowekwa mapema.

Msiichanganye na ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hiyo iko kwingine, Oude Waalsdorperweg, pembeni ya vilima vya mchanga, majengo iliyohamia mwishoni mwa 2015. Kesi ya kwetu Kenya, ya Ruto na Sang, ilifungwa Aprili 2016. Vikao vya wazi huruhusu umma, lakini siku za kazi tu. Ingia kwenye tovuti yao uone kalenda, beba pasipoti, simu inabaki nje ya ukumbi, na aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kukaa humo. Jaji anaweza kufunga kikao ghafla kumlinda shahidi, na wewe utatolewa ukumbini. Kwa siku mbili za mvua, mimi ningechagua Jumba la Amani niiache ICC kwa safari nyingine.

Chambo

Bahari sasa. Teremkeni tramu kituo cha Kurhaus. Hoteli ya Kurhaus ni jengo la miaka ya 1880, na nyuma yake ni barabara ya ufukweni. Ile barabara yenyewe ni ukuta wa kuzuia bahari: tuta limefichwa ndani yake, kazi iliyokamilika 2013 kwa mchoro wa Manuel de Solà-Morales. Imepinda na kupandapanda kwa sababu hiyo. Sehemu nyingi zina mteremko laini, mama atapita bila ngazi.

Mvua ikirudi, ingieni gati ya burudani, De Pier, ya mwaka 1961. Ina sakafu mbili, na ya chini imefunikwa kwa vioo. Mnatembea mita mia tatu na zaidi juu ya mawimbi bila kulowa, mkisikia nguzo zinapigwa. Kwa hali ya hewa mbaya hakuna kitu kizuri zaidi Scheveningen. Upepo ukizidi huifunga, ndiyo maana mnachungulia kwanza.

Tahadhari. Vibanda vingi vya mchangani vinabomolewa kabla ya majira ya baridi, msitegemee kujikinga huko chini. Msipande kuta za mawe zinazoingia baharini bandarini: wimbi moja kubwa linapita juu yake bila onyo, na mawe yana mwani. Mchanga unaopeperushwa ukiganda kwenye kioo cha simu, usiufute kwa nguo kavu, unakwaruza. Tumia kitambaa chenye maji. Mkitaka kutembea ufukweni, anzeni kwa kuukabili upepo mrudi nao mgongoni. Wanaofanya kinyume hujikuta mbali, wamechoka, na mvua usoni.

Bi Mwanaidi

Chakula. Kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga, ndiyo chakula cha ufukweni. Ila ulizeni unga wake, kwani baadhi ya wauzaji huukorogea bia. Samaki aina ya haring huliwa baada ya kutiwa chumvi bila kupikwa. Kisheria anagandishwa kwanza kuua minyoo, kwa hiyo msiogope, ila ladha yake si ya kila mtu.

Chakula cha kushiba kifuateni Haagse Markt. Soko hili liko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na tramu 11 na 12 kutoka Hollands Spoor zinapita. Wasurinamu wenye asili ya Kihindi ni wengi Den Haag, na roti yao ina kuku, viazi, yai na kunde ndefu za maganda. Mtu wa Mombasa ataijua mara moja. Nyama nyingi pale ni halali, lakini angalieni cheti ukutani. Anayetafuta mchicha aulize klaroen, ndizi za kupika ni bakbanaan, muhogo ni cassave. Bebeni sarafu, si kila meza inapokea kadi ya kigeni.

Kusali, msikiti wa Al-Aqsa uko Wagenstraat, katikati ya mji, jengo lililokuwa sinagogi.

Mvukapwani

Mungu awalipe nyote. Nimepanga hivi, nisahihisheni. Ijumaa: treni, mizigo hotelini karibu na Centraal, Mauritshuis saa 7 mchana, Panorama saa 9 na nusu, Scheveningen saa 11 jioni. Jumamosi: soko asubuhi, Jumba la Amani, halafu kupumzika.

KaziYaMikono

Umeipeleka Panorama gizani. Saa 9 na nusu Novemba ya mwisho mwanga umeshakuwa hafifu.

Chambo

Na bahari pia. Jua linatua saa 10 na nusu hivi. Saa 11 hamtaona hata wimbi. Ijumaa iwe Mauritshuis kisha soko kabla halijafungwa, na Ijumaa halijai kama Jumamosi. Jumamosi Panorama saa 5, kituo cha wageni cha Jumba la Amani njiani, na kuanzia saa 7 mkae Scheveningen mkifuata rada: wingu likija mko ndani ya De Pier, likipita mko nje. Mna saa tatu na nusu za mwanga, na ndani yake vipande viwili au vitatu vya anga safi vitapatikana.

Mvukapwani

Nimebadilisha. Panorama Jumamosi saa 5, bahari kuanzia saa 7. Tiketi ya Mauritshuis nimeikata ya Ijumaa saa 6 na nusu mchana.

FundiReli

Sawa. Kutoka Mauritshuis kwenda sokoni, pandeni tramu 9 Centraal hadi Hollands Spoor, halafu 11 au 12. Zote ndani ya dakika 35 mkiharakisha kidogo. Na mama ashike kadi yake mwenyewe mkononi tangu Schiphol.